Kijiji kilichopotea kwenye jedwali: barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu na taasisi za utafiti

Kwenu Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu,
Wakurugenzi wa taasisi za utafiti,
na wakuu wa kurugenzi za masomo ya uzamili, Tanzania.

YAH: ZANA ZA KOMPYUTA WANAZOPEWA WATAFITI WANAOANZA

Ndugu viongozi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni msimamizi wa takwimu. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kupokea madodoso kutoka uwandani, kuyaingiza kwenye kompyuta, kuyasafisha na kuyakabidhi kwa watafiti. Nimefanya kazi na madaktari, na watu wa kilimo, na wanafunzi wengi mno. Naandika kwa sababu ya jambo nililoliona mwaka 2023, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiliona tena na tena kwa sura nyingine.

Alikuja binti mmoja wa shahada ya uzamili, saa kumi jioni, na flashi mbili mkononi. Utafiti wake ulihusu uhifadhi wa mahindi baada ya mavuno katika vijiji vitatu. Kila kaya aliipa namba: herufi tatu za mwanzo za jina la kijiji, kisha tarakimu mbili. Kijiji cha kwanza kilianza na herufi MAR, kwa hiyo kaya zake zilikuwa MAR-01 hadi MAR-38. Ni utaratibu mzuri, na ndio tunaowafundisha. Akaketi kuingiza madodoso kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali kama Excel. Lahajedwali lilipokutana na MAR-07 lilidhani ni tarehe 7 Machi, likaigeuza papo hapo bila kumuuliza. Lilipofika MAR-32, kwa kuwa Machi haina siku 32, likaifanya Machi ya mwaka 1932.

Alikuwa na majedwali mawili, la kaya na la maghala. Hilo la pili aliandikiwa na mwenzake, ambaye kwa bahati alitangulia kuiweka safu ya namba iwe ya maandishi, kwa hiyo huko MAR-07 ilibaki MAR-07. Majedwali yalipounganishwa kwa namba za kaya, za kijiji cha kwanza hazikukutana hata moja. Kaya 117 zikabaki 79.

Yeye mwenyewe hakuunganisha. Programu ya uchambuzi yenye leseni ilikuwa kwenye kompyuta za maabara tu, na maabara ilifungwa jioni. Nakala aliyowekewa kwenye kompyuta yake kwa flashi ya rafiki ilikuwa imevunjwa kufuli, nayo ilikufa wiki ya pili. Basi akaenda kwenye steshenari, pale penye karatasi iliyobandikwa mlangoni: tunachambua takwimu, bei nafuu. Akalipa laki moja na nusu. Alipouliza kwa nini kaya 117 zimekuwa 79, akajibiwa kuwa zilizobaki hazikukamilika. Akaamini. Msimamizi wake akapelekewa majedwali yaliyochapwa, yenye asilimia nadhifu, naye akaamini.

Nilipofungua faili lake nikakuta safu nzima ya tarakimu tano tano. Nikamwonyesha moja: hii 44992 ndiyo tarehe 7 Machi 2023, kwa jinsi mashine inavyozihesabu siku. Na tarehe 7 Machi ndiyo kaya yako namba saba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Kwa hiyo yule mama aliyenipikia ugali sikumhesabu?”

Hakumhesabu. Na kama asingefika ofisini kwangu kwa shida nyingine kabisa, ya kuomba kusaidiwa kuchora ramani, tasnifu ingefungwa hivyo hivyo.

Naomba msiharakishe kusema kuwa binti alikuwa mzembe. Wataalamu wa jeni duniani waliangukia shimo hilo hilo kwa miaka. Walikuwa na jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT2, na Excel ikazigeuza tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2016 watafiti walipitia makala za kisayansi zilizoambatanishwa orodha za jeni katika majedwali ya Excel, wakakuta karibu moja katika kila tano ina makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kuyabadili majina yenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Mwaka huo huo, England, majibu 15,841 ya watu waliokutwa na Uviko-19 yalichelewa kuingia kwenye hesabu za taifa, kwa sababu yalipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani lisiloweza kubeba zaidi ya safu mlalo 65,536. Mistari iliyozidi ilikatwa kimyakimya. Waliokaa karibu na wagonjwa hao hawakupigiwa simu kwa wakati.

Kwa hiyo tatizo ninaloleta kwenu halitokani na akili ya anayeanza. Linatokana na zana anazokabidhiwa, na nani anamkabidhi, na nani yuko karibu naye anapokwama. Haya yote matatu yako mikononi mwenu, ndugu viongozi, kwa sababu ninyi ndio mnaosaini manunuzi, ndio mnaopitisha mitaala na ndio mnaoajiri.

Nianze na neno “rahisi”, maana hapo ndipo kamati zetu za manunuzi zinapojikwaa. Programu huletwa kwenye kikao, muuzaji anaionyesha ukutani, anabofya mara mbili grafu inatokea, watu wanapiga makofi. Inaandikwa kuwa ni rahisi kwa wanaoanza. Lakini anayeanza hakutani na programu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Anakutana nayo chumbani usiku, kwa kompyuta ya mkononi yenye kumbukumbu ndogo, bando limebaki kidogo, umeme umerudi saa tatu, na msimamizi wake amesafiri. Hapo ndipo urahisi upimwe. Je, anaweza kuiweka kwenye mashine yake mwenyewe bila kuiba? Inafanya kazi bila intaneti? Akikosea, inamwambia amekosea, au inanyamaza na kumpa jibu? Na mwaka wa tatu, mradi umekwisha na mfadhili ameondoka, bado ataweza kulifungua faili lake?

Kwa kipimo hicho cha mwisho, programu nyingi tunazozilipia hushindwa. Leseni inanunuliwa kwa fedha za mradi, mradi unakufa, leseni inaisha, na takwimu zinabaki kwenye muundo ambao hakuna mashine ofisini inayoufungua. Nimeshuhudia kabati zima la sidii (CD) likiwa hivyo. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi na halina gharama: kila taasisi iagize kwamba takwimu zote za utafiti, pamoja na zilivyo kwenye programu yoyote, zihifadhiwe pia kama maandishi tupu yaliyotenganishwa kwa mkato, yaani faili la CSV, likiambatana na ukurasa unaoeleza kila safu ina maana gani. CSV inafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ile ya steshenari.

Sasa zana zenyewe. Nitasema ninachoamini, na nasema kama mtu anayezitumia kila siku.

Kwenye kukusanya, tuachane na karatasi popote inapowezekana. ODK, programu ya kukusanyia majibu kwa simu, ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na KoboToolbox imejengwa juu yake. Zote mbili zinafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android, na mdodosaji anaweza kushinda kijijini kutwa nzima bila mtandao, akatuma majibu akirudi mjini. Kinachonifanya nizipende kwa ajili ya wanaoanza ni jinsi dodoso linavyoandikwa. Unaliandika kwenye lahajedwali ambalo mwanafunzi tayari analijua: safu moja ya aina ya swali, moja ya jina lake, moja ya maneno yake. Ukitaka Kiswahili na Kiingereza, unaongeza safu. Ukitaka umri usizidi 120, unaandika sharti hilo kwenye mstari wa swali lile, na simu itakataa mdodosaji akibonyeza 230 kwa bahati mbaya. Kosa linasahihishwa muhojiwa akiwa bado amekaa pale mkekani. Miezi sita baadaye, mezani kwangu, nimsahihishe kwa lipi? Namba za kaya nazo zinachaguliwa kwenye orodha, haziandikwi kwa mkono. Binti yule angetumia hii, MAR-07 ingetoka kijijini ikiwa MAR-07. Bado angepaswa kuwa makini asilifungue faili hovyo kwenye lahajedwali na kulihifadhi upya, lakini nakala safi ingekuwepo.

Kwa hospitali, ambako mgonjwa hufuatiliwa mwezi hadi mwezi, ipo REDCap, mfumo wa kuingizia na kutunzia takwimu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, iliyoanza mwaka 2004. Taasisi isiyo ya kibiashara huipata bila malipo ikisaini makubaliano. Inaweka kumbukumbu ya nani alibadili nini na saa ngapi, jambo ambalo faili la kawaida la lahajedwali halifanyi. Ila isiletwe kwa mwanafunzi mmoja mmoja: inataka seva na mtu wa kuitunza, kwa hiyo ni jukumu la taasisi.

Kwenye uchambuzi ndiko kuna ubishi mkubwa, na nimeshiriki ubishi huo kwenye vikao vingi. Wapo wanaotaka kila mwanafunzi aanze na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, siku ya kwanza kwa sababu ndiyo lugha ya dunia ya sasa. Wapo wanaosema tusiwasumbue, SPSS, programu ya takwimu ya kubofya, inatosha kwa sababu sisi tulisoma kwayo. Mimi sikubaliani na wote wawili. Muuguzi anayelinganisha makundi mawili ya wagonjwa hahitaji kuanza na lugha ya kompyuta. Wakati huo huo, menyu za kubofya pekee zinamwacha bila kumbukumbu ya alichofanya. Ukimuuliza baada ya mwezi ulifikaje kwenye jedwali la nne, hajui. Alibofya.

Ninachopendekeza ni ngazi. Anayeanza apewe jamovi, ambayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na ina menyu za kubofya kama alizozoea. Lakini jamovi imejengwa juu ya R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, na ukiiruhusu inakuonyesha maandishi ya R ya kila ulichobofya. Mwanafunzi anayaona siku ya kwanza bila kulazimika kuyaelewa. Mwezi wa pili anayanakili. Muhula unaofuata anafungua RStudio, programu ya kuandikia R, na kuyaandika mwenyewe. Lugha hii ya R ilianzia Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa walimu wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman, waliotaka chombo cha kufundishia wanafunzi wao takwimu. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, na hadi leo hakuna anayelipa hata senti kuitumia.

Sitaficha kuwa wiki ya kwanza ya R inauma. Mwanafunzi anaandika Umri kwa herufi kubwa, wakati safu yake inaitwa umri, na anajibiwa kwa maandishi mekundu kwamba kitu hicho hakipo. Nimeona watu wazima, wenye watoto, wakifunga kompyuta na kuondoka. Lakini litazameni vizuri jambo lile: mashine imekataa, na imesema imekataa nini. Lahajedwali lilipoigeuza MAR-07 halikusema neno. Mimi nitamchagulia anayeanza zana inayobisha kuliko inayokubali kila kitu, ilimradi awepo mtu wa kumwambia kuwa maandishi mekundu si hukumu.

Kisha kuna faida ambayo wakubwa wa taaluma wanapaswa kuithamini kuliko sisi wa chini. Uchambuzi ulioandikwa unaweza kukaguliwa na mwingine. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa zoezi la darasani la kurudia matokeo ya makala maarufu ya uchumi ya mwaka 2010 iliyoandikwa na Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff kuhusu madeni ya serikali. Hesabu zikagoma. Akawaandikia waandishi, wakampa lahajedwali lao, akakuta fomula imeziacha nje nchi tano. Kosa hilo na mengine yaliposahihishwa, wastani wa ukuaji wa uchumi kwa nchi zenye deni kubwa, uliokuwa chini ya sifuri kwa asilimia 0.1, ukawa asilimia 2.2. Makala ile ilikuwa imetajwa na wanasiasa wa nchi nyingi waliokuwa wanapunguza matumizi ya serikali. Na aliyeligundua kosa ni mwanafunzi. Nataka wanafunzi wetu waweze kufanya hivyo kwa kazi zetu, na sisi tuweze kufanya hivyo kwa kazi zao kabla hazijafungwa jalada.

Python iwepo, kwa wanaofanya picha za satelaiti, sauti na ujifunzaji wa mashine. Ramani ziende QGIS, ambayo nayo ni huria. Sina mengi ya kusema hapo.

Kuhusu kusafisha takwimu nina la kuwaambia ambalo huenda linawagusa. Kuna jumuiya ya wakufunzi wa kujitolea inayoitwa The Carpentries, inayofundisha watafiti stadi za kompyuta kwa warsha fupi, kwa kawaida za siku mbili. Masomo yao ni ya bure, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kuyatafsiri na kuyatumia. Somo lao la sayansi ya jamii limejengwa juu ya takwimu za kilimo cha umwagiliaji kinachoongozwa na wakulima wenyewe, zilizokusanywa Tanzania na Msumbiji kati ya Novemba 2016 na Juni 2017, kwa simu zenye ODK. Mwanafunzi huko Ulaya au Marekani anajifunza OpenRefine, programu ya kusafishia takwimu, kwa kuona jina la kijiji cha Ruaca limeandikwa Ruca mahali pengine, na Chirodzo limeandikwa Chirdozo, kisha programu inayakusanya majina yanayofanana na kumuuliza: haya ni kijiji kimoja? Yaani wakulima wa ukanda wetu ndio waalimu wa dunia katika kusafisha takwimu, na sisi wanafunzi wetu tunawaacha wajifunzie steshenari. Somo hilo lifanyiwe Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mradi mkubwa. Idara mbili, ya lugha na ya takwimu, zinaitosha.

Niruhusuni pia niwaguse kwa upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inagusa hata namna taarifa zinavyovuka mipaka kwenda seva za nje. Wenzetu wa Kenya wana ya kwao tangu 2019. Flashi ile ya steshenari ilikuwa na majina na namba za simu za wakuu wa kaya 117. Nimeona orodha za wagonjwa zikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mradi, kwa nia njema kabisa, ili mwenzao aliye wilayani aanze kazi mapema. Mtu hufanya hivyo anapokosa njia nyingine iliyo rahisi vile vile. Mkiweka seva ya chuo inayofikika, yenye nywila na chelezo, yaani nakala ya akiba, ya kila usiku, nakuhakikishieni hakuna atakayetaka flashi. Mkiiweka inayohitaji fomu tatu na sahihi ya mkurugenzi, WhatsApp itashinda. Na kwenye seva hiyo hiyo wekeni nakala ya R, RStudio, jamovi, QGIS na vifurushi vya R, yaani programu zake ndogo za nyongeza, vinavyotumika zaidi, ili mwanafunzi avichukue akiwa ndani ya chuo bila kuchoma bando lake. Ni kazi ya siku chache kwa kijana mmoja wa TEHAMA, na kila mwanafunzi atakayeingia muhula huo ataikuta tayari.

Sasa la mwisho, nalo ndilo zito. Zana hizi zote nilizozitaja ni za bure au karibu na bure. Kinachokosekana ni mtu. Tunanunua leseni kwa sababu leseni ina ankara, inaingia kwenye vitabu, mkaguzi anaiona. Mtu wa kukaa mezani na kumsaidia anayeanza hana mstari kwenye bajeti. Mtandao wa Afrika wa bioinformatiki, yaani uchambuzi wa takwimu za kibayolojia kwa kompyuta, H3ABioNet, ulipotaka kufundisha watu walio mbalimbali barani, haukuishia kurusha mihadhara. Uliweka madarasa kwenye nchi nyingi kwa wakati mmoja, na kila darasa likawa na wawezeshaji wake, wa pale pale, wa kumwinamia aliyekwama. Kurusha video tunaweza hata sisi. Kuinama ndiko hatujakupangia mshahara.

Ninachoomba ni nafasi moja katika kila taasisi, angalau moja, ya mtu ambaye kazi yake ni hii tu: kliniki ya takwimu mara mbili kwa wiki, mlango wazi, mwanafunzi aje kabla hajaenda uwandani, siyo baada ya kurudi. Aje na dodoso lake na mpango wa namba za kaya zake. Katika dakika ishirini mtu huyo angemwambia yule binti: usiite kijiji MAR. Nafasi hiyo iwe na ngazi ya kupanda cheo, maana vijana wazuri wanaojua kazi hii wanaondoka kwenda kwenye miradi ya wafadhili, na siwalaumu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na makadirio yenu yanaandaliwa miezi mingi kabla. Kabla ya kuhuisha leseni yoyote safari hii, tafadhalini ulizeni maabara ni wanafunzi wangapi waliitumia, na wangapi walikuwa wameketi kwenye kompyuta zao wenyewe.

Kuhusu binti yule, tulirudisha kaya zake 38 jioni ile ile na asubuhi yake. Sehemu ya kwanza ilikuwa nyepesi, kwani tarehe 7 Machi ilirudi kuwa kaya ya saba. Za mwaka 1932 hadi 1938 tulizilinganisha na karatasi za madodoso, moja moja, yeye akisoma, mimi nikiandika. Kwenye kaya ya saba alisimama, akaniambia jina la yule mama. Kisha tukaendelea na ya nane.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Msimamizi wa takwimu za utafiti,
Morogoro.